Kituo cha Umeme Jirani na Shamba Lako

Ndugu mkulima, ikiwa unakaa Kinoo au pande nyingine za Kikuyu, bila shaka umepata kuona ua wa seng'enge wenye transfoma kubwa ndani, kokoto zimemwagwa chini, na ubao wa HATARI mlangoni. Wako watu waogopao hata kupita karibu, na wako wengine wasioogopa kabisa, ambao hurusha nguo zao ziangikwe juu ya ua huo. Yafaa tueleze kazi ya kituo hiki, na hatari yake iko wapi hasa.

Umeme wa nyumbani kwako haufanyizwi Kinoo. Mwingi hutoka katika mvuke wa ardhini huko Olkaria, karibu na Naivasha, na mwingine katika mabwawa ya Mto Tana kama Masinga, Gitaru na Kiambere. Ili usipotee njiani, husafirishwa kwa msukumo mkubwa sana, nao msukumo huo hupimwa kwa volti: 132,000, 220,000, au hata 400,000. Hesabu yake ni rahisi. Ukizidisha volti mara 10, mkondo upitao katika waya hupungua mara 10 kwa umeme ule ule, na hasara ya joto hupungua mara 100.

Lakini taa yako inataka volti 240 tu. Mkulima hawezi kufungulia mto mzima katika bustani ya sukuma wiki. Lazima pawe na mahali pa kupunguza na kugawa maji. Ndiyo kazi ya kituo. Stesheni kubwa za Nairobi, kama ile ya Juja Road, hupunguza umeme hadi volti 66,000. Vituo vidogo hupunguza hadi 11,000, na transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani humaliza kazi. Kituo kikiwa mbali mno, umeme hufika hafifu: taa hufifia, na mota ya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe hupata moto ikaungua.

Wengi huuliza, je, kituo huleta magonjwa? Mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka nguvu ya sumaku itokayo katika umeme kwenye fungu la mambo ambayo huenda yakaleta saratani, kwa sababu ya uchunguzi juu ya saratani ya damu ya watoto. Haijathibitishwa kwamba ndiyo iletayo ugonjwa huo. Jambo lijulikanalo ni kwamba nguvu hiyo hupungua upesi kadiri uendavyo mbali. Nje ya ua, nyingi hutoka katika nyaya ziingiazo na kutoka kituoni. Kwa hiyo, usijenge chini ya nyaya. Na ule mvumo usikiao ni chuma cha ndani ya transfoma kinachotetemeka; si dalili ya kulipuka.

Hatari iliyo hakika ni kuingia ndani ya ua. Umeme wa volti nyingi waweza kuruka hewani ukakupata kabla hujagusa kitu. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la mtambo wa Gitaru akaangukia transfoma. Megawati zaidi ya 180 zilipotea mara moja, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili yule aliokoka, lakini mtoto afuataye mpira wake asitegemee bahati ya namna hiyo.

Wezi nao huleta hasara. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, umeme ukakatika nchini, na Serikali ikasema minara hiyo iliharibiwa na watu. Mwezi ule ule Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Wengine huiba mafuta ya transfoma, nayo hata huuzwa ya kukaangia. Mafuta hayo si chakula, na yale ya transfoma za zamani yaweza kuwa na sumu mbaya.

Basi shika mambo haya:

1. Mpira, mbuzi au kuku akiingia ndani ya ua, mwache. Waite wenye kituo.

2. Chini ya nyaya panda mimea mifupi kama maharagwe na viazi. Usipande mikaratusi.

3. Ukijenga nyumba ya ghorofa, angalia nondo, mabati na ngazi ndefu visikaribie nyaya.

4. Waya ukianguka, usiukaribie hata kama hautoi cheche. Fukuza watu mbali. Ukiwa tayari uko karibu, ondoka kwa hatua fupi za kuburuta miguu. Ng'ombe hufa upesi zaidi, kwa kuwa miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, usimfuate kumwokoa.

5. Ukiona ua umetoboka au mlango u wazi, piga simu Kenya Power, nambari 97771, siku hiyo hiyo.

Wasomee watoto maneno haya jioni, hasa wale wachungao mifugo.