Ingia Darasani Uone Mtoto Wako Anasoma Nini

Ndugu msomaji, hebu tuulizane. Mara ya mwisho ulipokanyaga shule ya mtoto wako, uliitwa kwa nini? Wengi watajibu ni mambo ya pesa, au mtoto alikuwa amekosa, au ilikuwa siku ya kufunga shule. Mzazi husimama kwa mlango wa ofisi, akasikiza, akaomba apewe muda, kisha akarudi shambani. Darasa lenyewe halioni. Na mtoto yumo mle siku tano kwa wiki!

Leo tunataka kuingia mle ndani pamoja, hasa ninyi wenye watoto katika madarasa ya chini, yaani Gredi ya 1 hadi ya 3. Huko ndiko mtoto hujulia kusoma. Akipita bila kujua, mambo yanakuwa magumu, kwa sababu kuanzia Gredi ya 4 vitabu havimfundishi tena kusoma. Vinadhani anajua.

Sisi tuliosoma zamani tulikaa kwa mistari, macho ubaoni, mwalimu akisema nasi tukiitikia. Tangu Januari 2019, mtaala mpya wa umilisi, ule watu wengi huuita CBC, ulipoanza katika madarasa haya, mambo yalibadilika. Kipindi kimoja ni dakika 30. Katika shule nyingi utaona watoto wamekaa kwa vikundi, na ukutani kumetundikwa magunia yaliyooshwa yakaandikwa silabi: ma, me, mi, mo, mu. Pembeni kuna "duka" la pakiti tupu za unga na majani chai, pamoja na rundo la vifuniko vya soda. Mzazi akichungulia dirishani husema, "Kumbe wanacheza tu!"

Ngoja kwanza. Mwalimu amewaambia wahesabu vijiti 27, kila 10 wafunge kwa uzi. Wanapata mafungu 2 na vijiti 7. Halafu waongeze 15. Vile 7 na 5 vinakuwa 12. Wanafunga 10 vingine, vinabaki 2. Sasa wana mafungu 4 na vijiti 2, yaani 42. Mtoto aliyefunga fungu hilo kwa mikono yake anajua kwa nini ile 1 inapelekwa upande wa makumi. Sisi tuliambiwa tu tuipeleke, wala hatukujua inaenda wapi. Kule dukani, mmoja ananunua kitu cha shilingi 35, anatoa 50, na mwenye duka anamrudishia chenji huku wengine wakimkagua. Hiyo ndiyo hesabu.

Kwa hiyo mtoto akisema kesho anatakiwa na vifuniko, usimfokee, wala usikimbie mjini kununua vitu. Vifuniko viko kwa kila kioski. Kikundi kimoja kikiamua, gunia linajaa kwa wiki moja.

Darasa nalo ni kama kikundi chenu. Lina viongozi na lina zamu. Leo hawa wanafagia, kesho wale wanateka maji ya kunawa, wengine wanagawa vitabu na kuvirudisha. Mtoto hujifunza kungoja zamu yake na kumwazima mwenzake kifutio, mambo ambayo hata sisi wakubwa hutushinda kwenye mikutano. Na fimbo je? Wazazi wengine bado humwambia mwalimu, "Mchape tu, nimekuruhusu." Ruhusa hiyo huna. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza kumpiga mwanafunzi, na imekataza pia kumtesa kwa maneno.

Lugha ya nyumbani nayo huleta manung'uniko. "Lugha yetu anaijua tangu tumboni, nilimpeleka shule ajue Kizungu!" Lakini mpango wa kufundisha madarasa ya chini kwa lugha ya wenyeji ni wa zamani, ripoti ya Tume ya Gachathi iliupendekeza mwaka 1976. Kule mijini na penye watu mchanganyiko hutumika Kiswahili. Sababu yake ni rahisi. Mtoto akiunganisha herufi na kupata neno analolijua, anashtuka kwa furaha, kwa maana limeleta picha kichwani. Akiunganisha na kupata neno ambalo hajawahi kulisikia, amepiga kelele tu. Akishajua siri ya kusoma kwa lugha moja, anaihamisha kwa nyingine.

Sasa tuje kwa jambo linalotuumiza. Zamani ripoti ilisema "wa 3 kati ya 52", na hata mzazi asiyesoma aliielewa akisomewa. Katika madarasa haya sasa kuna viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Mzazi akisikia "kukaribia" hufurahi, maana neno lenyewe ni tamu. Lakini maana yake ni kwamba bado hajafika. Mtoto anaweza kukaribia Gredi ya 1, akakaribia ya 2, akakaribia ya 3, na nyumbani kila mtu ametulia. Ukiona neno hilo muulize mwalimu: ni kitu gani hasa hajakiweza, na sisi nyumbani tufanye nini mwezi huu?

Wengine huona haya kuuliza kwa sababu wao wenyewe hawakusoma. Mama, baba, huhitaji kusoma ili umpime mtoto. Mwambie akusomee ukurasa mmoja wa kitabu chake, nawe ufunike picha kwa kiganja. Watoto wengi huwa wanasimulia picha, au wamekariri hadithi waliyoimba darasani. Kisha weka kidole kwa neno moja la katikati umwulize, "Hapa panasemaje?" Litazame vizuri umbo lake. Tafuta mahali pengine penye umbo hilohilo, umwulize tena. Akikupa neno lilelile pote, kuna dalili anasoma. Akibabaika, usimcheke wala usimtukane. Nenda kwa mwalimu ukamwambie ulichoona. Ni dakika 5 tu wakati ugali unaiva.

Na msiende mmoja mmoja mkiogopa. Kikundi kimwombe hedimasta siku ya kawaida, si siku ya kufunga shule, watu wawili au watatu wakae nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja, kimya, simu zimezimwa. Baadaye mwulizeni mwalimu darasa lina upungufu gani. Mara nyingi ni mambo ambayo kikundi hukamilisha kwa asubuhi moja: rafu ya vitabu ya mbao zilizobaki, au mtungi wa lita 5 uliotundikwa kwenye miti miwili na kijiti cha kukanyaga ili watoto wanawe mikono. Mzee anayejua vitendawili aulizwe kama anaweza kuja mara moja kwa muhula. Mama anayepiga hesabu ya mayai sokoni bila kalamu pia ana la kuwaonyesha watoto.

Mkumbuke kwamba kwa sheria hiyohiyo ya 2013, kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi, na kila darasa lina mwakilishi wake katika kamati ya chama hicho. Mnamjua wa Gredi ya 2? Kama hakuna anayemjua, anzeni na swali hilo kwenye mkutano wenu ujao, kabla ya hesabu ya mchango.