Je, Wajua? Mikono Inayopasukia Kazini

Je, wajua kwamba kiganja hakina hata tezi moja ya mafuta? Uso na kichwa vimejaa tezi hizo. Kiganja kinaishi kwa mafuta kidogo yaliyo kati ya seli za ngozi ya juu, na hayo ndiyo yanayozolewa na maji na sabuni ya unga. Hivyo ukurutu wa mikono, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, huwaandama wanaoshinda na maji: mama lishe wa Butimba, msusi, muuguzi, mpara samaki kule mwaloni, mchuna minofu ya sangara kiwandani. Ujerumani, kanuni za kazi huhesabu kuwa hatari kazi inayolowesha mikono zaidi ya saa 2 kwa siku. Mama lishe huzimaliza saa hizo kabla ya chapati za asubuhi kwisha.

Wanawake huupata karibu mara mbili ya wanaume. Si kwamba ngozi yao ni laini mno. Tuulizane tu ni nani anayeosha vyombo.

Je, wajua kwamba vidole humwonyesha daktari kazi yako? Mpishi aliyekataliwa na kitunguu saumu hupasuka ncha za kidole gumba, cha shahada na cha kati, tena za mkono wa kushoto kama kisu hukishika kwa kulia. Vidole hivyo ndivyo vinavyobana kitunguu. Glavu nazo hazimwokoi sana, maana kemikali yake hupenya nyingi kati ya hizo. Fundi ujenzi ana adui mwingine, kromiamu iliyomo kwenye saruji. Tangu 1981 Denmark huichanganya saruji na chumvi ya chuma ili kuidhoofisha kromiamu hiyo.

Kiganja kimoja kikibabuka magamba na nyayo zote mbili nazo zikawa vivyo hivyo, shuku fangasi. Hapo ile krimu ya mchanganyiko inayouzwa madukani, yenye steroidi ndani, hupunguza muwasho huku fangasi wakiendelea kuenea.

Wala usingoje wekundu unaotajwa vitabuni. Kwenye ngozi nyeusi ukurutu huonekana kahawia iliyokolea, zambarau au kijivujivu, na hauambukizi, hata mkipeana mikono.

Kipimo cha kubaini kinachokudhuru kilibuniwa na Josef Jadassohn mwaka 1895: vibandiko mgongoni kwa siku 2, kisha ngozi husomwa. Kwa mkazi wa Mwanza, pa kuanzia ni Hospitali ya Bugando. Moshi, penye Hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda kilichoanza kufundisha wataalamu wa ngozi mwaka 1992.

Tiba yenyewe huanza na kitu cha bei nafuu: mafuta mgando kila baada ya kunawa, na glavu za pamba ndani ya zile za mpira. Steroidi ya kupaka hupimwa kwa kidole: mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza hutosha mkono mzima, kiganja na mgongo wake. Mwaka 2024 Ulaya iliidhinisha delgositinibu, krimu isiyo na steroidi, kwa ukurutu sugu wa mikono. Dawa yoyote itumike, ngozi iliyokwisha kulainika bado huhitaji miezi kadhaa kurudisha kinga yake, kwa hiyo glavu hazivuliwi siku mipasuko inapofunga.