Kuitwa "Mpenzi" na Asiyekujua

Muuza vitambaa wa sokoni humwita kila mteja "mpenzi", na mteja hacheki wala hakasiriki. Hapana mtu anayedhani kwamba ametongozwa. Neno limekwisha kuwa chombo cha biashara, kama futi na mkasi. Lakini neno hilo hilo likitamkwa na karani kijana akimwambia mwanamke mwenye umri wa mama yake, "Subiri hapo, mpenzi," huenda mama huyo akaondoka ofisini akiwa na uchungu moyoni hata kama shida yake imetatuliwa. Neno ni moja, na wasemaji wote wawili wataapa kwamba hawakukusudia ubaya.

Jambo hili huonekana kuwa la adabu tu, lisilostahili kuchunguzwa na wanasayansi. Hata hivyo, wataalamu wa saikolojia na wa isimu wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 60, na baadhi ya matokeo yao yamefika hadi wodini na katika makao ya wazee, mahali ambapo neno tamu likitumiwa vibaya huweza kumdhuru mgonjwa.

Msingi wa uchunguzi huo uliwekwa na Roger Brown, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1960 yeye na Albert Gilman walichapisha makala juu ya lugha za Ulaya zilizo na namna mbili za kumwambia mtu "wewe", mathalani Kifaransa chenye *tu* na *vous*. Mwaka uliofuata, Brown na Marguerite Ford waligeukia Kiingereza cha Marekani. Walichambua mazungumzo katika tamthilia na namna watu walivyoitana kazini, pamoja na wafanyakazi wa kampuni moja ya Boston. Wakati ule Mmarekani aliweza kumwita mwenzake kwa jina lake la kwanza, au kwa cheo na jina la ukoo. Katika kutazama nani amwita nani vipi, iligunduliwa kanuni ambayo Brown baadaye aliiona katika lugha nyingi: jinsi watu wa karibu wanavyoitana ndivyo mkubwa anavyomwita mdogo; na jinsi wageni wanavyoitana ndivyo mdogo anavyomwita mkubwa.

Kanuni hii ni fupi, lakini hapana budi kuitafakari, maana ndani yake ndimo ulimo utata wote wa maneno ya mapenzi. Ukimwita mtu kwa neno la karibu, umesema mambo mawili kwa pumzi moja: ama "wewe ni mwenzangu", ama "wewe uko chini yangu". Sauti ya neno haitofautishi maana hizi. Kinachozitofautisha ni jibu. Ikiwa aliyeitwa anaweza kurudisha neno lile lile bila ya kuonekana mtovu wa adabu, huo ni urafiki. Ikiwa hawezi, basi amepimwa na kuwekwa mahali pake. Brown aliona pia kwamba mwenye haki ya kuanzisha ukaribu ni mkubwa. Mdogo husubiri kuruhusiwa.

Mfano mmoja ulifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1963, katika mji wa Gadsden, jimbo la Alabama, Mary Hamilton, mwanamke mweusi aliyekuwa katika harakati za haki za raia, alihojiwa mahakamani. Mwendesha mashtaka alimwita "Mary" tu, kama ilivyokuwa desturi ya Wazungu wa Kusini kwa watu weusi wa kila umri. Hamilton alikataa kujibu mpaka aitwe "Miss Hamilton". Hakimu alimhukumu kifungo cha siku 5 na faini ya dola 50 kwa kosa la kuidharau mahakama. Mwaka 1964 Mahakama Kuu iliitengua hukumu hiyo. Jina "Mary" halikuwa tusi, na rafiki zake walimwita hivyo kila siku. Lakini yeye asingeweza kumrudishia mwendesha mashtaka jina lake la kwanza, na kila mtu mle mahakamani alilijua hilo.

Wananchi wa Afrika Mashariki hawahitaji kwenda Alabama kulifahamu jambo hili. Wakati wa ukoloni, mpishi mwenye wajukuu aliitwa "boi" na mtoto wa tajiri wake, na neno hilo, ambalo kwa Kiingereza ni "mvulana", likaingia katika Kiswahili kama jina la kazi. Huenda baadhi ya waajiri waliwapenda kweli mabawabu na wapishi wao. Mapenzi hayo hayakulibadili neno, kwani hapakuwa na boi aliyeruhusiwa kumwita bwana wake "mvulana". Ndiyo maana baada ya Uhuru neno "Ndugu" lilipewa uzito mkubwa Tanzania. Nguvu yake haikuwa katika utamu, bali katika kurudishika: waziri na mfagiaji waliitana neno moja, na lilikwenda na kurudi bila ya kupungua. Wafaransa nao walikwisha kujaribu jambo la namna hiyo mwaka 1793, Kamati ya Usalama wa Umma ilipoilaani *vous* ya heshima kuwa ni mabaki ya ukabaila; lakini haikupita miaka mingi *vous* ikarudi. Katika Bunge la Tanzania leo husikika "Mheshimiwa", ingawa "Ndugu" bado lina nafasi yake katika vikao vya CCM.

Katika Uingereza ziko sehemu ambazo maneno ya mapenzi hurushwa hovyo bila ya kumjeruhi mtu. Nottingham na Derby mtu huitwa *duck*, yaani bata. Katika sehemu za Yorkshire ya Kusini huitwa *love*, na wanaume huitana hivyo wao kwa wao. Mgeni hushtuka, lakini wenyeji hawaoni ajabu, kwa sababu dereva wa basi humwita abiria *love* na abiria hushuka akimwaga kwa neno hilo hilo. Marekani, kinyume chake, mwaka 1980 Nessa Wolfson na Joan Manes walichapisha uchunguzi juu ya namna wanawake wanavyoitwa madukani na mahali pengine pa huduma. Kichwa cha makala yao chaweza kufasiriwa, "Usiniite mpenzi!" Maneno kama *dear* na *hon* yalielekea upande mmoja: yalitoka kwa mhudumu kwenda kwa mteja, na mteja hakutarajiwa kuyarudisha.

Je, kila neno lisilorudishika ni dharau? Kiswahili chenyewe kinakataa. "Shikamoo" haijibiwi kwa "shikamoo". Hujibiwa kwa "marahaba", na hapana mzee wala kijana anayejiona amedhalilishwa. Kwa hiyo kanuni ya Brown yahitaji kuongezewa swali jingine, yaani neno limempandisha nani na kumshusha nani. Kijana anayemwita mwanamke asiyemjua "mama" amejiweka mwenyewe katika nafasi ya mtoto. Mzee anayemwita kijana "mwanangu" amejitwisha wajibu wa mzazi, na umri wake unamruhusu. Lakini *dear* anayoambiwa ajuza wa Kimarekani na msichana wa miaka 20 imegeuza ngazi juu chini: aliyekwisha kulea amefanywa mtoto wa kulelewa.

Lakini majina yetu ya udugu nayo si salama kila mahali. Mwanamke mwenye shahada ya udaktari akikaa katika mkutano ambamo wenzake wanaume wanaitwa "Daktari" na "Profesa", kisha yeye akaitwa "mama" au "dada yetu", amevuliwa cheo chake kwa heshima tele. Na katika nyumba nyingi za mijini mtumishi wa ndani huitwa "dada" na watoto, na mama wa nyumba, hata na wageni, ilhali jina lake halijulikani na mshahara wake ni mdogo. Udugu wa namna hiyo hauna budi kutazamwa kwa shaka.

Jambo hili lina madhara makubwa zaidi katika utunzaji wa wagonjwa na wazee. Mwaka 1981 Linnda Caporael alichapisha uchunguzi uliofanywa katika makao ya wazee nchini Marekani. Alirekodi usemi wa watunzaji, kisha sauti zikachujwa kwa mtambo hata maneno yasitambulike, ukabaki mlio wake tu, yaani kupanda na kushuka kwake. Wasikilizaji hawakuweza kutofautisha usemi wa kubembeleza ulioelekezwa kwa wazee na ule ulioelekezwa kwa watoto wadogo: sauti ilikuwa ile ile nyembamba, yenye mawimbi ya kupita kiasi. Tena, usemi huo haukutegemea hali ya kila mzee. Mwenye akili timamu alibembelezwa sawa na aliyepotewa na kumbukumbu. Ni haki kuongeza kwamba katika uchunguzi uliofuata, wa mwaka 1983, wazee waliodhoofika zaidi waliupendelea usemi huo kuliko wenye nguvu. Kwa hiyo haifai kusema kwamba kila kubembeleza ni uovu.

Hata hivyo, mwaka 2009 Kristine Williams na wenzake walipima matokeo yake kwa njia iliyo wazi zaidi. Walitumia picha za video za wazee 20 wenye ugonjwa wa kusahau wakati walipokuwa wakihudumiwa na wauguzi. Kila walipobembelezwa kama watoto, kwa majina ya mapenzi na kwa "sisi" mahali pa "wewe", uwezekano wa mzee kukataa huduma, kwa kugeuka, kupiga kelele au kusukuma mkono wa muuguzi, ulikuwa 0.55. Muuguzi alipozungumza kama anavyozungumza na mtu mzima yeyote, uwezekano ulishuka hadi 0.26. Aliponyamaza kabisa ulikuwa 0.36, yaani hata kimya kilikuwa na nafuu kuliko neno tamu lisilostahili. Na mgonjwa anayekataa kuogeshwa au kumeza dawa huchukua muda wa wauguzi, na mara nyingine huishia kupewa dawa za kumtuliza.

Msomaji makini ataweza kuuliza kama sababu haikugeuzwa: labda wauguzi huwabembeleza zaidi wale ambao tayari ni wakaidi. Ili kulijibu swali hilo, Williams na wenzake walifanya jaribio katika makao 13 ya wazee, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Watumishi walifundishwa kwa masomo 3 ya saa 1 kila moja, wakionyeshwa mazungumzo yaliyorekodiwa. Usemi wa kubembeleza ulipungua, na ukaidi wa wazee ukapungua pamoja nao. Baada ya miezi 3 tofauti ilikuwa bado inaonekana.

Mambo yaliyo kinyume cha usemi huo hayahitaji vyombo wala fedha, na yanafaa pia katika wodi ambamo bibi huambiwa, "Haya bibi, tumeze vidonge vyetu," ingawa anayemeza ni mmoja tu. Ni kutumia "wewe" panapostahili "wewe", kuiacha sauti katika kimo chake cha kawaida, na kumwuliza mgonjwa siku ya kwanza jina analotaka kuitwa, kisha kuliandika juu ya kadi yake. Wengine watajibu "bibi". Wengine watajibu "Mwalimu", kwa kuwa walifundisha miaka 30 na hakuna aliyewaita vinginevyo.