Miezi iliyohesabiwa Ulaya, mgonjwa wa Kikula

Mgonjwa wa Kikula, mtaa wa mji wa Likasi huko Katanga, Kongo, mwenye sarkoma (aina ya saratani) iliyokwisha kusambaa akiuliza amebakiwa na muda gani, jibu lililomo vitabuni limetoka mbali. Katika utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2014, nusu ya waliopewa dawa ya doksorubisini peke yake walikuwa wamefariki kufikia takriban miezi 13. Nambari hiyo ni ya kweli, lakini ni ya watu waliochaguliwa: hakuna aliyezidi miaka 60, wote wakijiweza, na dawa zikija kwa ratiba. Kumpa mgonjwa wa Likasi miezi hiyo kama ilivyo ni kumvisha kanzu ya mtu mwingine.

Muda wa kuishi hautokani na uvimbe peke yake. Tiba nayo huuamua, na ushahidi tunao jirani. Sarkoma ya Kaposi iliyokomaa ilichunguzwa Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili, kwa wagonjwa waliokuwa wote kwenye dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Baada ya wiki 48, asilimia 64 ya waliopewa paklitakseli walikuwa hai bila ugonjwa kuendelea. Kwa waliopewa bleomisini na vinkristini, asilimia 44. Ugonjwa ni ule ule, chupa ndiyo tofauti. Mtaalamu atasema Kaposi huletwa na kirusi, haifanani na sarkoma ya paja. Ni kweli, na ndiyo maana sichukui asilimia zake. Nachukua funzo kwamba utabiri usiotaja dawa ni nusu ya utabiri.

Basi daktari anyamaze, amwachie Mungu? Hapana. Familia inayotaka kuuza kiwanja ili kulipia safari za Lubumbashi, kilomita zipatazo 120, inastahili kuambiwa kitu. Sarkoma nyingi hukimbilia mapafuni, kwa hiyo picha ya kifua ya kawaida tayari inasema mengi. Je, mgonjwa anaamka na kuoga mwenyewe? Uvimbe umekua kwa wiki au kwa miaka? Duru ya pili ya dawa italipiwa na nani? Majibu hayo hayatoi nambari, ila yanatenganisha mwenye wiki chache na anayeweza kuvuka mwaka, na makisio hurekebishwa baada ya duru mbili. Hesabu ya Katanga yenyewe itahitaji daftari linalofuatilia wagonjwa hadi majumbani, maana anayefia nyumbani mara nyingi huandikwa tu kwamba ameacha kuja.