Sumu ya Buibui Itengenezwayo Ndani ya Seli za Kiwavi

Aumwaye na buibui wa jenasi ya Latrodectus, maarufu kwa jina la mjane mweusi, huweza kupatwa na maumivu makali, kukakamaa kwa misuli, jasho jingi na kupanda kwa shinikizo la damu. Chanzo kikuu ni protini moja: alfa-latrotoksini. Hujishikiza kwenye ncha za neva na kutoboa utando wake; kalsiamu huingia, na neva humwaga kwa mkupuo kemikali ambazo kwa kawaida huzitoa kwa kipimo.

Hapo awali watafiti waliipata kwa kuikamua au kuitoa kwenye tezi za buibui. Tezi hizo, hata hivyo, hutoa kiasi kidogo mno, tena kikiwa mchanganyiko wa sumu kadhaa, na mabaki kidogo tu ya sumu nyingine yatosha kumpotosha mtafiti. Jeni yake ilipobainishwa mwaka 1990, ikawezekana kufikiria kuipandikiza katika seli nyingine ili zitengeneze protini hiyo peke yake.

Bakteria ni rahisi kuwafuga, lakini protini hii ni kubwa, takribani kilodaltoni 130, na protini za namna hiyo ndani ya bakteria mara nyingi hujikunja vibaya na kuwa mabonge. Mabonge hayo, hata yakiwa mengi, hayana kazi. Ndipo hutumiwa seli za wadudu, kama zile ziitwazo Sf9, zilizotokana na ovari za Spodoptera frugiperda, yaani kiwavijeshi vamizi yuleyule anayeharibu mahindi barani Afrika tangu 2016. Jeni hupelekwa humo na bakulovirusi, kirusi cha wadudu kisichozaliana katika seli za binadamu. (Chanjo ya HPV iitwayo Cervarix nayo hutokana na seli za wadudu.)

Protini ikishasafishwa, uzito sahihi hautoshi kuthibitisha uzima wake. Sharti ijaribiwe kwenye neva ionekane kama inafanya kazi.

Faida kubwa zaidi ni kuweza kuibadili. Mwaka 1998 watafiti waliiongezea asidi amino nne tu: ikaendelea kushika vipokezi vya neva, lakini haikutoboa utando. Hatua mbili ambazo sumu ya asili huzifanya kwa pamoja zikaweza kuchunguzwa mojamoja.

Kwa aliyeumwa leo, tiba ni ileile: dawa za maumivu, uangalizi wa karibu na, panapohitajika na kupatikana, seramu ya kuzuia sumu, ambayo hutokana na damu ya farasi.