Fahamu: Menyu ya kuwashia kompyuta yenye Windows na Linux

Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo mwenye kompyuta ya zamani ana sababu ya kuweka Linux kando ya Windows. Akiiwasha kompyuta hiyo, GRUB, programu inayoanzisha mifumo, humwonyesha menyu ya kuchagua mfumo.

Menyu hiyo ibadilishwe vipi?

Njia salama ni kuhariri faili /etc/default/grub, wala si grub.cfg, ambayo huandikwa upya kila kenele (kiini cha mfumo) mpya inapowekwa. GRUB_DEFAULT huchagua mfumo unaowaka usipochagua mwingine, GRUB_TIMEOUT huweka sekunde za kusubiri. Kwenye Debian na Ubuntu, amri sudo update-grub hukamilisha kazi. Windows isipoonekana, usidhani imefutika: tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine bila kuruhusiwa.

Kwa nini usifute kila kitu?

Wapo wanaotaka menyu ifichwe kabisa. Nawaelewa, lakini kenele mpya ikigoma, ile ya zamani, inayochaguliwa kwenye menyu, ndiyo mwokozi, hasa Masisi au Walikale huko Kivu Kaskazini, Kongo, ambako fundi anaweza kuwa mbali, mjini Goma. Acha sekunde tano, na kenele moja ya zamani.