Kilomita 3,000 kuelekea Kibla

Mstari wa kwanza katika daftari langu unasema hivi: "Mfunguo Nne 1446, siku ya pili. Mita 700. Nimepumzika mara tatu." Mita 700 ndiyo masafa yaliyopo kutoka mlango wa nyumba yangu, hapa Tanga, hadi kwenye mwembe ulio nyuma ya soko, kwenda na kurudi. Mtoto wa miaka sita huyakimbia bila ya kuhema. Mimi, mwalimu wa miaka 52, niliyezaliwa na kukulia katika mji ambao baiskeli ni miguu ya pili ya watu wake, nilirudi nikiisukuma baiskeli kwa mkono huku jasho likinitiririka, na mke wangu amesimama kizingitini bila ya kusema neno.

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimemeza vidonge vya mwisho vya kifua kikuu. Maradhi hayo yalinianza pamoja na mvua za vuli za mwaka 2023, kwa kikohozi nilichokidharau. Nilinunua dawa ya maji ya kikohozi, chupa ya kwanza, ya pili, hata ya tano. Zahanati moja ilinipa dawa za malaria mara mbili pasi na kunitaka makohozi. Jamaa yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, alinipeleka kwa mtu aliyesema nimepatwa na jicho la hasidi. Wakati huo wote shuka nililolalia lilikuwa likiloa jasho kila usiku, na uzito wangu ukashuka kutoka kilo 67 hadi 48. Ilipofika Januari 2024 ndipo makohozi yalipopimwa, na jibu likapatikana mara moja.

Robert Koch alikwisha kumtambua mdudu wa ugonjwa huu tangu mwaka 1882, na tiba yake inajulikana: vidonge kwa miezi sita, miwili ya mwanzo kwa dawa nne kwa pamoja, na minne inayofuata kwa dawa mbili. Katika hospitali za serikali dawa hizo hutolewa bila ya malipo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nilikuwa nikiweka akiba kwa ajili ya Hija, na sehemu kubwa ya akiba hiyo iliishia katika chupa za kikohozi, nauli na ada za kubahatisha, kabla tiba ya kweli haijaanza. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili na aende akapimwe. Chupa ya tatu haitamfaa kuliko ya kwanza.

Kilichoniuma zaidi ya kifua chenyewe kilikuwa ni kikombe. Kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu kilitengwa kwa ajili yangu, pamoja na sahani yake na kijiko chake, vikawekwa juu ya rafu peke yao. Simlaumu mtu, maana mimi mwenyewe ndiye niliyeamuru hivyo kwa kuwahofia wanangu. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyetuketisha, mimi na mke wangu, akatueleza kwamba vijidudu hivi husafiri kwa hewa, mgonjwa akohoapo ndani ya chumba kisichopitisha upepo. Kwamba haviambukizwi kwa kikombe wala kwa kupeana mikono. Na kwamba mgonjwa aliyeanza dawa zinazomfaa, kwa kawaida baada ya wiki chache, huwa haambukizi tena. Madirisha yafunguliwe, watoto wapimwe, na dozi isikatizwe hata nikijiona mzima. Jioni ile mke wangu alitia chai katika kikombe cha buluu, akakinywea yeye kwanza, kisha akanipa. Baada ya hapo kikombe hicho kikachanganywa na vingine.

Ramadhani ya 1445 ilinikuta katika mwezi wa tatu wa dawa. Daktari alinizuia kufunga, na sheria yetu imempa mgonjwa ruhusa hiyo kwa sharti la kuzilipa siku zake apatapo afya. Hivyo nilipomaliza dozi nilikuwa na deni la mwezi mzima wa saumu, akiba iliyopukutika, na pumzi fupi. Hiyo pumzi fupi ndiyo iliyonivunja moyo. Kwa miaka 14 nilikuwa muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu. Kipaza sauti nilikwisha kumkabidhi kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, kwa kuwa sikuweza kuimaliza hata takbira ya kwanza pasi na kukohoa.

Daktari aliponiaga alisema mapafu yamepona, lakini yameacha makovu. Nijizoeze pole pole, na nikisikia maumivu au kizunguzungu nisimame. Alipendekeza kutembea. Kutembea bila ya kuwa na mahali pa kwenda ni jambo linalonishinda. Nikaitoa uani baiskeli ya marehemu baba yangu, Phoenix nyeusi ya inchi 28, fundi akaibadilisha matairi, cheni na gololi za gurudumu la nyuma.

Masafa ya kwenda nilikuwa nimeyapata darasani. Mwezi wa Mei, nikiwa nimekwisha kurudi kazini, nilikuwa nikiwafundisha watoto habari za latitudo. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta. Makka iko nyuzi 21 na nusu hivi kaskazini mwake. Na miji yote miwili iko karibu mno na longitudo ya nyuzi 39 mashariki. Ndiyo maana hapa kwetu tunaposwali tunaelekea kaskazini takriban kamili. Kila nyuzi moja ya latitudo ni karibu kilomita 111. Zidisha kwa 26 na nusu, unapata kilomita 2,940 na ushei. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, mtu anaweza kwenda kwa baiskeli?" Darasa likacheka. Mimi nililiandika swali lile katika kitabu changu cha maandalio.

Nikaweka nia: kilomita 3,000 ndani ya mwaka mmoja, zile za ziada ziwe ni za kona na kupotea njia. Mwaka wenyewe uwe wa Hijria, kuanzia Mfunguo Nne hadi mwisho wa Mfunguo Tatu. Binti yangu aliye sekondari alinipinga mapema. "Baba, mwaka huo una siku 354 tu. Hesabu Julai hadi Julai, upate siku 11 za bure." Nilimjibu kwamba ikiwa zaka na saumu zinafuata mwezi mwandamo, na miguu yangu itafuata. Nilikuja kulijutia jibu hilo.

Hesabu ilikuwa kilomita 8 na nusu kwa siku. Mpwa wangu alinifungia kwenye usukani mita ndogo ya kuhesabia masafa, ambayo huhitaji kwanza kuambiwa ukubwa wa gurudumu. Tulitia alama ya chaki juu ya tairi na nyingine sakafuni, tukaizungusha mara moja, tukapima: mita 2 na sentimita 22. Kwa hiyo kila kilomita moja ni mizunguko 450. Nikaongeza kanuni yangu: masafa niliyoisukuma baiskeli kwa mkono yatatolewa katika hesabu, ingawa mita haijui tofauti.

Mfunguo Nne ulimalizika kwa kilomita 46, ilhali zilitakiwa 250. Nilikuwa nikipitwa na kila mtu. Mzee mmoja muuza madafu, keria yake imejaa hata baiskeli haionekani, alinipita kwenye njia ya Raskazone huku akinisalimu kwa utulivu kama aliyeketi barazani. Mfunguo Tano ulileta kilomita 112. Mwezi uliofuata, kwa idhini ya daktari, nilianza kuzilipa saumu zangu kila Jumatatu na Alhamisi, na katika siku hizo nilipanda baiskeli saa moja kabla ya Magharibi, ili nikichoka niwe karibu na maji na tende. Daftari likawa na safu mbili, saumu zilizolipwa na kilomita zilizolipwa. Safu ya saumu ilikwenda mbele na kumalizika katika Mfunguo Tisa. Ile ya kilomita ilibaki nyuma: nusu ya mwaka ilikatika nikiwa na 1,273, pungufu ya 227.

Lakini miguu ilikuwa imekwisha kupata nguvu. Siku ninayoikumbuka zaidi ni ile ya Mfunguo Saba, nilipofika Tongoni kwa mara ya kwanza, karibu kilomita 20 kusini mwa mji, upepo wa kusi ukinipiga usoni njia nzima. Niliiegemeza baiskeli nje ya magofu, nikaketi kivulini karibu na kuta za msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, yale ambayo zamani yalipambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Nilingoja kifua kitulie kama nilivyozoea kungoja. Kilitulia kabla sijamaliza kufungua chupa ya maji. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyohitaji, kisha nikarudi na upepo mgongoni.

Wanafunzi wangu walikuwa wakinifuatilia kwenye ramani ya ukutani kwa pini nyekundu. Ukipiga mstari kutoka Tanga kwenda kaskazini kwa kufuata longitudo ile ya 39, utaona ajabu: unapita Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, kisha karibu kabisa na Addis Ababa, kisha Mekelle, kisha Asmara, ndipo unaingia Bahari ya Sham. Mwisho wa Mfunguo Nane, kwa kilomita 943, pini ilikuwa hatua chache kabla ya Moyale. Mwisho wa Rajabu, kwa kilomita 1,618, ilikuwa imekwisha kuipita Addis Ababa. Nchi hiyo ndiyo Uhabeshi ya Najashi, aliyewapokea Waislamu wa mwanzo walipokimbia mateso ya Makka. Na Negash, kijiji kilicho kaskazini mwa Mekelle ambacho mapokeo yanakitaja kuwa makazi ya wahajiri wale, kiko karibu mno na mstari wetu. Somo hilo halikuwemo katika muhtasari, nami sikuomba ruhusa ya kulifundisha.

Ramadhani nilifunga yote, alhamdulillah. Kilomita zilikuwa 140 tu, nyingi baada ya tarawehe, kwa taa ya dinamo, barabara ikiwa imepoa.

Kisha ikaja masika, na baada ya Idi kikohozi kikarudi. Sitaki kuueleza usiku wa kwanza. Asubuhi yake nilisimama mbele ya kabati la vyombo, na mke wangu akaniuliza natafuta nini. Nilikuwa natafuta kikombe cha buluu ili nikitenge. "Nenda ukapimwe," akasema, "kikombe kiache mahali pake." Makohozi yalipimwa yakaonekana safi, ilikuwa ni mafua ya mvua. Hata hivyo niliambiwa nipumzike, nikakaa siku 12 pasi na kukanyaga pedeli. Hapo ndipo nilipozikumbuka zile siku 11 za binti yangu. Usiku mmoja niliketi na daftari na kalenda zote mbili, nikahesabu, nikaona kwamba nikihamia Julai nitafika bila ya taabu. Binti yangu alikuwepo, akanitazama, hakusema lolote. Nililifunga daftari. Kwenye ramani nilikuwa nimeingia baharini baada ya Asmara, na hapa Tanga maji ya mvua yalikuwa yakifika kwenye ekseli.

Mfunguo Pili nilipata kilomita 345. Mfunguo Tatu ulipoandama nilihitaji 347, na ndani yake mlikuwa na Idi ya kuchinja, wageni, na siku tatu za mvua ya kuchelewa. Mahujaji walisimama Arafa siku ambayo mimi nilikuwa kwenye njia ya Amboni, kati ya mashamba ya mkonge, nimefunga saumu ya siku hiyo.

Tarehe 27 nilitoka nikiwa na kilomita 2,979, nia yangu kwenda hadi ng'ambo kidogo ya Pongwe na kurudi, nimalize kazi. Wakati wa kurudi tairi la nyuma likapata pancha. Viraka nilikuwa navyo, gundi imekauka. Nilisukuma kilomita 5 kumfikia fundi, na nilipofika nyumbani mita ilisoma 3,003. Watoto wakapiga makofi. Nikatoa zile 5, nikaandika 2,998. Binti yangu akasema, "Baba, hakuna atakayejua." Kisha akacheka mwenyewe, kwa kuwa anamjua baba yake.

Kilomita mbili zilizobaki nilizipata tarehe 28, baada ya swala ya Alfajiri, katika kuzunguka kwenda kununua mkate. Muuza duka aliniuliza kama nataka mkubwa au mdogo.

Shekhe wetu alipopata habari alinitania kwamba nimefika Makka nikaisahau ihramu nyumbani. Hija ni kwa mwenye uwezo, nami nimeanza upya kuweka akiba, kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1447 nilipigwa tena picha ya eksirei. Kovu lipo palepale, juu ya pafu la kulia, na daktari ameniambia litabaki. Kipaza sauti cha msikiti kiko mikononi mwa yule kijana, naye ana sauti nzuri kuliko yangu ya zamani. Mimi nimepewa Alfajiri ya Jumamosi. Takbira za mwanzo, ambazo zamani nilizitoa mbili mbili kwa pumzi moja, sasa naitoa kila moja kwa pumzi yake.